Zino Davidoff

Zino Davidoff (11 Machi 1906 – 14 Januari 1994) alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku wa mjini Geneva, Uswisi. Anajulikana hasa kwa biashara ya biri, yaani sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi. Katika karne ya 20 alichangia sana kueneza katika Ulaya desturi ya kupima biri kwa ubora wa jani, ufundi wa kusokota, namna ya kuitunza na ladha yake, badala ya kutazama bei au ukubwa wake tu.

Watu wengi leo wanalijua jina lake kupitia manukato, saa na kahawa. Bidhaa hizo zilikuja baadaye. Mwenyewe alikuwa muuza duka, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kati ya kaunta ya duka na chumba cha kuhifadhia biri.

Utoto na familia

Davidoff alizaliwa katika familia ya Kiyahudi kwenye eneo ambalo leo ni nchi ya Ukraine. Wakati huo eneo hilo lilikuwa sehemu ya Milki ya Urusi. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba yake, Hillel au Henri Davidoff, alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku.

Maisha ya Wayahudi chini ya utawala wa mfalme wa Urusi yalikuwa magumu. Walibanwa na sheria za kibaguzi, na mara kwa mara walishambuliwa na makundi ya watu. Mwaka 1911 familia iliondoka na kuhamia Geneva, na baba akafungua huko duka dogo la tumbaku.

Geneva ya miaka ile ilikuwa na wakimbizi wengi kutoka Urusi, wakiwemo wanafunzi na wapinzani wa serikali ya mfalme. Baadhi yao walifika dukani kununua tumbaku na kuzungumza siasa. Davidoff alipenda kusimulia uzeeni kwamba Lenin naye alikuwa mmoja wa wateja hao. Kwa vyovyote, kijana huyo alikulia katika harufu ya tumbaku, na kazi ya baba yake ikawa shule yake ya kwanza.

Safari ya Amerika ya Kusini na Kuba

Alipomaliza masomo, mwaka 1924, alisafiri kwenda Amerika kujifunza biashara ya tumbaku mahali inapolimwa. Alifanya kazi Ajentina, kisha Brazil, na mwishoni akafika Kuba. Huko alikaa takriban miaka miwili akifanya kazi kwenye shamba la tumbaku.

Kuba ilikuwa tayari mashuhuri kwa biri zake. Tumbaku inayosifiwa zaidi hutoka magharibi mwa kisiwa, katika mkoa wa Pinar del Río, hasa eneo liitwalo Vuelta Abajo. Udongo wa huko ni mwekundu na wenye mchanga, na mchanganyiko wa joto, mvua na unyevu unaufaa mmea huo.

Kazi ya shambani humfundisha mtu kwamba majani ya mche mmoja hayafanani. Majani ya juu hupata jua nyingi, huwa mazito na yenye nguvu, na huungua polepole. Majani ya katikati hutoa harufu nzuri. Majani ya chini ni mepesi, na kazi yake hasa ni kusaidia biri iungue vizuri. Majani ya kuvikia biri kwa nje hulimwa kwa namna ya pekee: shamba hufunikwa kwa vitambaa vyepesi ili jua kali lisiyafanye kuwa magumu.

Baada ya kuvunwa, majani ya biri hutundikwa bandani yakauke kwa hewa kwa wiki kadhaa. Hapo yanatofautiana na tumbaku ya mvuke inayolimwa Tabora na Urambo, ambayo hukaushwa kwa joto la tanuri ndani ya mabani na kutumika zaidi katika sigara za kawaida. Majani ya biri yakishakauka hurundikwa ili yachachuke. Rundo hupata joto lenyewe, na majani hupoteza ukali pamoja na harufu ya amonia. Kisha huachwa yakomae kwa muda mrefu, mengine kwa miaka, kabla ya kufika mezani kwa msokotaji.

Viwanda vya Havana vilikuwa na desturi moja iliyowashangaza wageni. Tangu karne ya 19, mtu maalumu alikaa juu ya jukwaa akiwasomea wasokotaji magazeti na riwaya wakati wakifanya kazi. Wasokotaji wengi ambao hawakupata elimu ya shule walijua fasihi na siasa kwa njia hiyo.

Duka la Geneva

Davidoff alirudi Uswisi mnamo mwaka 1930 na kushika duka la wazazi wake. Wakati huo wafanyabiashara wengi wa Ulaya waliweka biri rafuni kama bidhaa nyingine yoyote. Yeye alikuwa ameona Kuba kwamba jani la tumbaku hunywa na kupoteza unyevu kulingana na hewa inayolizunguka. Biri iliyosafiri kutoka nchi ya joto na unyevu hadi chumba kikavu cha Ulaya hukauka, huvunjika na kupoteza harufu. Ikiwekwa penye unyevu kupita kiasi, huota ukungu.

Kwa sababu hiyo alitengeneza chini ya duka lake chumba chenye joto na unyevu uliodhibitiwa, ili biri ziendelee kukaa katika hali inayokaribia ile ya Havana. Kwa kawaida biri huhifadhiwa katika unyevu wa karibu asilimia 70 na joto la nyuzi kama 16 hadi 18 za selsiasi. Davidoff anatajwa pia kama mbunifu wa kasha la mezani la kuhifadhia biri kwa utaratibu huohuo, ili mteja aweze kuzitunza nyumbani kwake.

Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kibiashara. Biri nzuri huchukua miaka kuandaliwa, tangu mbegu hadi sanduku, lakini inaweza kuharibika kwa majuma machache mikononi mwa muuzaji asiyejali. Mteja akiivuta ikiwa imekauka, atamlaumu mkulima au msokotaji, kumbe kosa lilifanyika dukani.

Duka lilistawi kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati wa vita na baada yake. Uswisi haikuingia vitani, na biashara yake haikuvurugika kama ile ya nchi jirani. Baada ya vita, duka la Davidoff kwenye mtaa wa Rue de Rive lilijulikana kwa wavutaji wa biri kutoka nchi nyingi.

Biri zenye majina ya mvinyo

Katika miaka ya 1940 Davidoff alianzisha mfululizo wa biri uitwao Châteaux, uliotengenezwa Kuba chini ya chapa ya Hoyo de Monterrey. Kila aina ilipewa jina la shamba mashuhuri la mvinyo la eneo la Bordeaux, Ufaransa: Château Latour, Château Lafite, Château Margaux, Château Haut-Brion na Château d'Yquem.

Majina hayo yalisaidia kuuza, lakini yalibeba pia fundisho. Wateja wa Ulaya walizoea kwamba mvinyo hutofautiana kwa udongo, mwaka wa mavuno, ufundi wa mtengenezaji na muda wa kukomaa. Davidoff aliwafanya waione tumbaku kwa macho hayohayo. Mtu anayejua kuonja mvinyo bila haraka angeweza kujifunza kuonja biri kwa utaratibu uleule.

Namna ya kupima biri

Mwaka 1967 Davidoff, akishirikiana na mwandishi Gilles Lambert, alitoa kitabu kwa Kifaransa kiitwacho Le Livre du connaisseur de cigare. Kilitafsiriwa kwa lugha nyingine na kuwa mwongozo kwa wavutaji wengi. Desturi ya kupima biri, ambayo yeye alikuwa miongoni mwa walimu wake wakuu, hufuata hatua zinazoanzia kabla ya moto kuwashwa.

Ili kuzielewa, ni lazima kujua kwamba biri ina sehemu tatu. Kuna majani ya ndani, ambayo ni mchanganyiko wa aina kadhaa na ndiyo yanayotoa sehemu kubwa ya nguvu. Kuna jani la kufunga, linaloyashika majani hayo pamoja. Mwisho kuna jani la kuvika, ambalo ndilo linaloonekana kwa nje. Jani la kuvika ni ghali kuliko mengine, na huchangia sana ladha na harufu.

Hatua ya kwanza ni macho. Jani la kuvika linatakiwa kuwa laini, lenye rangi moja, lenye mishipa myembamba na mng'ao kidogo wa mafuta. Ndani ya sanduku moja, biri zinapaswa kufanana rangi, kwa kuwa kiwandani kuna wafanyakazi ambao kazi yao ni kuzipanga kwa rangi tu. Rangi yenyewe haitoshi kuonyesha ukali. Watu wengi hudhani biri nyeusi ni kali na nyepesi ni laini, lakini nguvu hutoka zaidi katika majani ya ndani. Ukubwa nao hudanganya, maana biri nene inaweza kuwa laini kuliko nyembamba.

Hatua ya pili ni vidole. Biri ikibonyezwa taratibu inapaswa kunepa na kurudi. Ikitoa mlio wa kukatika, imekauka. Ikiwa na uvimbe mgumu mahali fulani, majani yamebanwa vibaya na moshi hautapita. Ikiwa na sehemu tupu, itaungua haraka na kuwa ya moto mdomoni.

Hatua ya tatu ni pua. Biri iliyokomaa hunukia mbao, ngozi, nyasi kavu au viungo. Harufu ya amonia ni dalili kwamba tumbaku haijachachuka na kukomaa vya kutosha. Harufu ya ukungu ni dalili ya utunzaji mbaya.

Baada ya hapo kichwa cha biri hukatwa kwa kisu kikali bila kulichana jani, na mvutaji huvuta hewa kabla ya kuwasha. Hewa ikipita kwa shida, msokotaji alibana mno. Kuwasha nako kuna utaratibu: hutumiwa kiberiti cha kijiti, baada ya salfa kuungua na kwisha, ili harufu yake isiingie katika tumbaku. Desturi ya kuchovya biri katika pombe kali inakataliwa, kwa sababu inafunika ladha ile ambayo mtu anataka kuipima.

Biri inapoungua, huangaliwa kama moto unakwenda sawa pande zote. Jivu gumu linalodumu bila kudondoka huonyesha kwamba ndani kuna majani marefu, si vipande vilivyokatwakatwa. Moshi wa biri kwa kawaida haushushwi mapafuni. Huzungushwa mdomoni, na ladha hutambuliwa kwa ulimi na pua. Wavutaji hutofautisha nguvu na ladha. Nguvu ni athari ya nikotini mwilini. Ladha ni yale yanayotambulika mdomoni, kama kahawa, kakao, pilipili, karanga, mbao au udongo. Biri inaweza kuwa na nguvu nyingi na ladha haba, na kinyume chake ni kweli pia.

Ladha hubadilika kadiri biri inavyofupika, kwa kuwa moshi hupita katika majani yaliyobaki na kuacha humo lami na nikotini. Mwanzo huwa laini, katikati hukolea, na mwisho huwa mkali. Anayevuta haraka huipasha moto na kuiharibu ladha hiyo, kwa hiyo inashauriwa kuvuta mara moja hivi kwa dakika. Davidoff alisisitiza kiasi na utulivu katika mambo haya. Ikifika mwisho, biri haisagwi katika kisahani, bali huachwa izimike yenyewe.

Jina lake katika biri za Kuba

Baada ya mapinduzi ya Kuba, serikali ya Fidel Castro ilitaifisha viwanda vya tumbaku mwaka 1960. Mwaka 1962 Marekani iliweka vikwazo vya biashara, na Kuba ikapoteza soko kubwa jirani. Wenye viwanda wengi walikimbia nchi. Soko la Ulaya likawa muhimu kuliko zamani, na shirika la serikali, Cubatabaco, lilihitaji wauzaji wenye sifa huko.

Shirika hilo lilimwendea Davidoff na kumpendekezea atengenezewe chapa yenye jina lake. Biri hizo zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Zilisokotwa katika kiwanda cha El Laguito, Havana, kilekile kilichotengeneza biri za Cohiba zilizokuwa zikivutwa na Castro. Aina za kwanza ziliitwa No. 1, No. 2 na Ambassadrice. Baadaye mfululizo wa Châteaux nao ulihamishiwa chini ya jina la Davidoff.

Mwaka 1970 Davidoff aliuza biashara yake kwa kampuni ya Max Oettinger ya mjini Basel, iliyoongozwa na Ernst Schneider. Yeye mwenyewe hakustaafu. Aliendelea kusafiri nchi mbalimbali akiwa mwakilishi wa chapa, huku kampuni ikifungua maduka katika miji mikubwa ya dunia. Kwa soko la Marekani, ambako biri za Kuba zilipigwa marufuku, kampuni ilitengeneza nchini Honduras biri zilizoitwa Zino.

Mgogoro na Kuba

Katika miaka ya 1980 uhusiano na Cubatabaco uliharibika. Kulikuwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa ubora: upande wa Davidoff ulilalamika kwamba biri nyingi zilizofika hazikulingana na kiwango kilichokubaliwa. La pili lilikuwa umiliki: nani hasa alikuwa na haki juu ya jina la Davidoff katika biri zilizolimwa na kusokotwa Kuba.

Mnamo Agosti 1989 Davidoff alichoma moto hadharani zaidi ya biri 100,000 ambazo zilihukumiwa kuwa hazifai kuuzwa. Alikuwa na umri wa miaka 83. Biashara haikuwa mali yake tena kwa karibu miaka 20, lakini kila biri katika rundo lile ilikuwa na pete ya karatasi yenye jina lake. Mteja aliyefungua sanduku bovu hasingemtafuta mhasibu wa Basel, angemlaumu Davidoff.

Makubaliano ya kuachana yalifikiwa, na kufikia mwaka 1991 uuzaji wa biri za Davidoff zilizotengenezwa Kuba ulikoma. Kazi ilihamia Jamhuri ya Dominika chini ya usimamizi wa Hendrik Kelner, mtaalamu wa tumbaku wa nchi hiyo. Biri mpya zilikuwa na jani la kuvika la rangi nyepesi na ladha laini kuliko zile za Havana.

Uamuzi huo ulikuwa wa hatari. Kwa miongo mingi Davidoff alihesabiwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa tumbaku ya Kuba, na wateja wengi waliamini kwamba hakuna biri bora nje ya kisiwa hicho. Kuhama kulikuwa sawa na kukubali kwamba jina la nchi si hakikisho la ubora, na kwamba kinachohesabika ni jani, mkono wa msokotaji na utunzaji. Wavutaji waligawanyika. Wengine walizifuata biri mpya, na wengine hadi leo hununua kwa bei kubwa mnadani masanduku ya zamani ya Kuba yenye jina lake. Hata hivyo chapa haikufa, na mafanikio yake yalisaidia kuipa Jamhuri ya Dominika heshima katika biashara hiyo.

Kifo na urithi

Davidoff alifariki mjini Geneva tarehe 14 Januari 1994, akiwa na umri wa miaka 87. Kampuni ya Basel iliendelea kutumia jina lake, na sasa inaitwa Oettinger Davidoff. Jina hilo limetolewa pia kwa leseni kwa bidhaa zisizohusiana na biri. Manukato ya Cool Water, yaliyotoka mwaka 1988, yanajulikana hata na watu ambao hawajawahi kuiona biri.

Urithi wake mwingine hauonekani kirahisi. Muuzaji kuweka biri katika chumba chenye unyevu maalumu, na mteja kuibonyeza, kuinusa na kuiangalia kabla ya kulipa, ni mambo yanayoonekana ya kawaida leo katika maduka ya aina hiyo. Yeye alikuwa mmoja wa waliofanya yawe ya kawaida.

Biri na afya

Umri mrefu wa Davidoff usichukuliwe kuwa ushahidi kwamba biri haidhuru. Uvutaji wa biri husababisha saratani za mdomo, koo, umio na mapafu, na huongeza hatari ya magonjwa ya moyo. Hata asiyeshusha moshi mapafuni hupata nikotini, kwa kuwa hupenya kupitia ngozi laini ya mdomo, na biri kubwa moja inaweza kuwa na tumbaku nyingi kama pakiti nzima ya sigara. Ubora wa jani na ustadi wa msokotaji haviondoi madhara hayo.